Kiti cha Nyuki: shajara ya mradi

Januari

Kwa wanaoanza kutufuata sasa, mradi ni huu. Mzinga mmoja wa gogo wenye nyuki hai utatundikwa mtini, mwisho wa shamba huku Karen, Nairobi, upande unaopakana na msitu wa Ngong. Upande wa pili wa shamba, nyuma ya ua mrefu wa kayaba, tunajenga kibanda cha mafunjo na udongo, na ndani yake kiti kirefu cha mbao. Waya utatoka mzingani hadi kwenye kiti. Atakayeketi ataupata mtetemo wa mzinga mwilini mwake papo hapo unapotokea. Hakutakuwa na spika wala skrini, na hakuna atakayesogea karibu na mzinga.

Mchoro wa kwanza ulikuwa na spika zilizotundikwa ndani ya vibuyu. Kilichotugeuza ni kusoma jinsi nyuki wenyewe wanavyosikia. Nyuki hana masikio kama yetu. Katika kila mguu ana kiungo kinachonasa mtetemo wa kile anachokikanyaga, na kwenye vipapasio ana kingine kinachonasa hewa inayosukumwa karibu yake. Ndani ya mzinga ni giza totoro, kwa hiyo habari nyingi hupitia kwenye masega. Nyuki aliyepata maua hurudi akacheza juu ya sega, akitikisa tumbo huku akisonga mbele. Upande anaoelekea huonyesha njia kwa kulinganisha na jua, na muda wa kutikisa huonyesha umbali, takribani sekunde moja kwa kilomita. Mwanasayansi Karl von Frisch alipewa Nobel mwaka 1973, pamoja na Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen, baada ya maisha mazima ya kuchunguza mambo kama haya. Anapocheza, misuli ya mbawa zake hutetema mipigo kama 250 kwa sekunde, na wenzake wanaomfuata gizani huipata kwa miguu na vipapasio.

Namba hiyo ndiyo iliyotuamulia. Ndani ya ngozi ya binadamu, hasa ya viganja na nyayo, kuna vihisio vya mtetemo, na vinahisi vizuri kuliko popote kati ya mipigo 200 na 300 kwa sekunde. Masikio yetu ni makali zaidi kwa sauti za juu, maelfu ya mipigo. Kwa hiyo pale mzinga unapovuma kwa nguvu ndipo hasa ngozi yetu imejaliwa kuhisi. Nilipoelewa hivyo sikuona tena sababu ya kumpa mtu spika. Akalie kiti, avue viatu, aweke kiganja.

Februari

Gogo limefika kutoka Kitui. Ni mukau, mti ambao Wakamba wameuchongea mizinga tangu zamani kwa sababu mchwa hawaupendi na haupasuki ovyo juani. Mzee aliyelichonga alikuja nalo mwenyewe. Ubavuni amelichoma chapa ya ukoo wake, kama mizinga yote ya kwao ilivyo, ili likionekana popote lijulikane ni la nani. Mmoja wetu aliuliza kama chapa hiyo ifutwe kwa kuwa sasa ni kazi ya sanaa. Haifutwi. Mwenye kazi yuko pale kwa chapa yake, na hatutaongeza jina lingine juu ya gogo.

Tumelipasua kwa urefu na kupanga ndani vipapi vya juu vya upana wa milimita 32, kipimo cha mzinga uliobuniwa hapa Kenya miaka ya 1970 kwa msaada wa Wakanada, Kenya Top Bar Hive, ambao wafugaji wengi wanauita KTBH tu. Milimita 32 ni nafasi ambayo nyuki wetu hujiachia wenyewe kati ya katikati ya sega moja na katikati ya jingine. Nyuki wa Ulaya ni wakubwa kidogo na hutaka zaidi. Sababu yetu ya kuchagua vipapi badala ya fremu za mzinga wa sanduku wa Langstroth ni mtetemo. Sega la kwenye fremu limezungukwa na mbao pande nne. La kwenye kipapi linaning'inia kutoka juu, na kingo zake ziko huru kutikisika.

Ningependa mwone jinsi mzee alivyoliandaa. Aliyeyusha nta kwenye sufuria kuukuu, akachovya kitambaa, akapaka ndani polepole akifuata mishipa ya mti, si kuikata. Kisha akasugua majani yenye harufu kali ambayo hakutaka kuyataja, na hatukumsumbua. Mwisho akaliinua upande mmoja, akaweka sikio kwenye mdomo wa gogo, akagonga kwa kifundo cha kidole. Akasogea shubiri moja, akagonga tena. Alienda hivyo hadi mwisho, na sehemu moja akarudia mara kadhaa. "Hapa bado kuna maji, mwanangu. Usilitundike kabla halijalia sawa kote." Tulilisubiri, tukiligonga kila asubuhi, hadi likalia sawa kote.

Wazo la kuleta nyuki wadogo wasiouma, ili wageni wawakaribie, tumeliacha. Wale ambao tungewapata kwa urahisi wanatoka Kakamega, msituni, kwenye joto na unyevu wao. Sioni haki ya kumhamishia kiumbe kwenye baridi ya Karen ili mgeni apige picha.

Machi

Gogo liko juu. Tumelitundika kwa waya kwenye tawi la mukinduri, na waya umepakwa grisi ili siafu wasishuke. Kuning'inia huku kuna faida nyingine ambayo fundi wetu wa sauti ameifurahia sana. Malori ya Southern Bypass hutetemesha ardhi usiku kucha, na mzinga unaokaa juu ya miguu ungetuletea malori hayo kwenye kiti. Waya wenyewe, hata hivyo, huimba upepo ukivuma. Suluhisho lilikuwa vipande vya tyubu ya gari, vimekunjwa mara mbili kati ya waya na gogo. Sasa upepo unaishia kwenye mpira.

Kinachonasa mtetemo ni visahani vya piezo, vile vyembamba vya shaba vinavyogeuza mtetemo kuwa umeme, vinavyouzwa mtaa wa Luthuli jijini kwa bei ndogo. Tumevizamisha kwenye nta na kuvibandika chini ya vipapi viwili vya katikati, ili nyuki wakijenga, sega liote juu yake na liwe limeshikana nacho. Kisahani cha namna hii kinatoa umeme dhaifu mno, na waya wa mita mia mbili ungeumeza wote njiani. Ndiyo maana kuna amplifaya ndogo ndani ya kopo, hapohapo mtini.

Kila kitu kinatumia betri na sola. Watu wanadhani ni kwa ajili ya mazingira, na ni vizuri pia, lakini sababu hasa ni mvumo wa umeme. Stima ya Kenya hubadilika mara 50 kwa sekunde, na mvumo wake huja na jamaa zake: 100, 150, 200, 250. Huyo wa 250 anakaa palepale nyuki wanapovuma, na kichujio cha kumtoa kingetoa na sehemu ya mvumo wa nyuki. Tulijaribu kuunganisha na soketi ya nyumbani. Kiti kilivuma vizuri kabisa, na mzinga ulikuwa mtupu.

Aprili

Mvua. Hakuna nyuki. Tumekandika ukuta wa kibanda kwa udongo na mavi ya ng'ombe, tukaacha nusu ya juu iwe mafunjo yaliyosukwa. Udongo unazuia kelele za nje na mafunjo yanaingiza hewa.

Watu wawili wametuuliza kwa nini tusinunue kundi tu. Linapatikana, naam. Lakini nyuki wa nyanda zetu, Apis mellifera scutellata, ni wahamaji kwa asili. Maua yakiisha au wakisumbuliwa, wanaacha masega na kwenda zao. Ukimpangia nyumba asiyoitaka, ataihama. Kwetu kukubaliwa na bumba lililojitafutia lenyewe ni sehemu ya kazi, labda sehemu kubwa kuliko zote. Wapelelezi wameonekana mlangoni mwa gogo siku zenye jua, mmoja, watatu, wakiingia na kutoka na kuzunguka nje. Wanapima. Sisi tunakandika.

Mei

Wamekuja. Ilikuwa saa sita mchana, katikati ya manyunyu mawili, na mama mwenye shamba ndiye aliyetupigia simu akinong'ona kana kwamba wangemsikia. Tulipofika, wingu lilikuwa limeshashuka kwenye mukinduri na mlango wa gogo haukuonekana kwa nyuki. Baada ya muda mfupi wote walikuwa ndani, isipokuwa kikundi kidogo mlangoni kilichoinua matumbo na kupepea, kikieneza harufu ya kuwaita waliochelewa.

Hatukuunganisha kiti. Tuliwaacha wapoe. Usiku wa pili fundi wa sauti alichomeka hedifoni kwenye kopo la mtini, akanyamaza, akanipa bila neno. Kulikuwa na mvumo wa chini, mpana, kisha juu yake mlio mwembamba mrefu, kama sekunde moja, ukifuatwa na mifupi mifupi: tiii, ti-ti-ti-ti. Ni malkia bikira. Hubana kifua chake kwenye sega au ubao na kuutetemesha bila kupiga mbawa, mipigo kama 400 kwa sekunde, na mzinga mzima humpata kwa miguu. Kisha mwingine akajibu, sauti yake juu kidogo. Bumba letu lilikuwa la pili kutoka mzinga fulani, lile linalotoka na mabikira badala ya malkia mzee. Tulimpigia mzee Kitui, tukamwekea simu kwenye hedifoni. Alisikiliza, akasema, "Mmepata wasichana wawili. Kesho atabaki mmoja." Usiku uliofuata kulikuwa na mlio mmoja, kisha haukusikika tena.

Baada ya hapo ilibidi atoke kwenda kupandwa na madume angani, arudi salama, na huku Karen ndege walao nyuki ni wengi. Hakuna ambacho sauti ingetuambia kwa haraka. Tulichotazama, kwa darubini, ni miguu ya nyuki mlangoni. Nyuki wakianza kuleta chavua kwa wingi, mara nyingi ndani kuna majana, watoto wa nyuki, ya kulishwa. Mwisho wa mwezi miguu ilikuwa ya njano.

Juni

Kiti kimeunganishwa. Ni mbao za saiprasi zilizokaushwa vizuri, ndefu, zimekaa juu ya vipande vya tyubu ileile ili mtetemo usikimbilie ardhini. Chini yake kuna vitetemeshi viwili, spika zisizo na koni. Ukizibana kwenye ubao, ubao ndio unaotetema. Tumezishusha hadi usisikie chochote kwa masikio ukisimama kando. Ni lazima ukae.

Wa kwanza kukaa asiye mmoja wetu ni shosho wa jirani, aliyelima kahawa miaka mingi. Alikaa wima na mkoba mapajani. Hakusema kitu. Kisha akavua viatu, akaweka mkoba chini, akashusha viganja vyote viwili ubaoni. Uso wake ukabadilika kidogo, kama mtu aliyeitwa jina lake mbali. "Hawa wako kazini," akasema. Alikuwa sahihi: ilikuwa jioni baada ya siku ya jua, maua ya mkaratusi yamefunguka, na mzinga mzima ulikuwa unapepea kukausha nekta. Nekta huja na maji mengi, na hawaifuniki kwa nta hadi maji yashuke chini ya asilimia 20 hivi. Kazi hiyo huenda hadi usiku. Aliuliza kama wanajua kwamba amekaa. Nilimwambia hapana, na hatutaki wajue; waya ni wa upande mmoja, hakuna kitu tunachowarudishia. Akasema vizuri.

Mwezi huu pia tumebishana kwa dhati, na nataka ubishi wenyewe ubaki kwenye shajara. Fundi wa sauti anataka tuwe na rekodi ya akiba. Hoja yake ni nzito: mtu anatoka Kayole, anabadilisha matatu mbili, anafika Karen siku ambayo nyuki wamehama, anakuta ubao. Je, hatukumdanganya kwa kumwalika?

Jibu langu limetoka Tsavo. Mtafiti wa tembo Lucy King na wenzake walichapisha mwaka 2007 jaribio walilofanya hapa Kenya: waliwachezea tembo waliopumzika chini ya miti sauti ya nyuki waliochokozwa, na asilimia 94 ya familia hizo ziliondoka ndani ya sekunde 80, dhidi ya asilimia 27 waliposikia kelele nyingine. Sauti peke yake ilitosha kuwakimbiza. Hata hivyo, uzio waliokuja kuujenga kwenye mashamba ya Sagalla, karibu na Tsavo Mashariki, una mizinga yenye nyuki hai iliyounganishwa kwa waya. Tembo anayesukuma waya anatikisa mzinga na nyuki wanatoka. Tembo ana akili. Kelele isiyo na nyuki nyuma yake angeishia kuizoea.

Binadamu naye huzoea. Rekodi nzuri ya mzinga ipo, mtu anaweza kuisikiliza kitandani. Anachokosa ni kujua kwamba kile anachohisi kinatendeka sasa, mita mia mbili kutoka alipo, na kwamba kinaweza kukoma. Tumeamua: hakuna rekodi. Wakihama, kiti kinanyamaza, na atakayekuja ataambiwa getini na ataonyeshwa masega waliyoyaacha. Fundi amekubali kwa sharti kwamba tuweke namba ya simu mtu aulizie kabla hajatoka nyumbani. Sharti zuri, limeingia.

Tulipokuwa kwenye mjadala huo tulirudi kuwatazama wasanii waliotutangulia. Wolfgang Buttress alijenga mzinga wa alumini wa mita 17 kwa maonyesho ya Milan 2015, ukahamishiwa bustani ya Kew, London, mwaka 2016. Taa zake karibu elfu moja hufuata mtetemo wa mzinga halisi, ulionaswa kwa mbinu ya Martin Bencsik wa chuo kikuu cha Nottingham Trent. Naipenda kwa uhai wake, ila alumini ile yote inanichosha. Tomáš Libertíny aliwapa nyuki umbo la chombo cha maua, wakakijenga kwa nta. Ni kizuri mno, lakini umbo lilikuwa la binadamu na jasho lilikuwa la nyuki. Aliyenigusa zaidi ni Pierre Huyghe, Kassel, Ujerumani, 2012: sanamu ya mwanamke aliyelala, kichwa chake mzinga hai katikati ya bustani iliyoachwa ijiotee. Mtu hawezi kuikaribia atakavyo, nyuki ndio wanaoamua. AnneMarie Maes wa Brussels naye amefanya kazi miaka mingi na mizinga ya mjini na sauti zake, na kwake nimejifunza subira ya kufuatilia kundi kwa misimu badala ya wiki ya maonyesho.

Julai

Baridi ya Nairobi. Asubuhi ubao hauna mengi. Nyuki wamejikusanya juu ya majana na wanajipasha moto kwa kutetemesha misuli ya mbawa bila kuruka. Majana yanahitaji nyuzi 34 hadi 35 hata nje ikiwa kumi na kitu. Mtetemo huo ni mdogo sana, na tumelazimika kuwaambia wanaojaribu kiti wasubiri, watulize miguu. Wengine huinuka mapema. Wanaobaki huanza kuuhisi kwenye paja, kisha kwenye uti wa mgongo. Sitaongeza sauti ili kuwafurahisha wanaoinuka.

Kibanda kimevuja mara moja pembeni, tumekandika upya.

Agosti

Jua limerudi kidogo na mlangoni kuna msongamano tena. Tulifungua gogo jioni, giza likiingia, kwa moshi kidogo na ovaroli kamili, kwa sababu mchana hawa wetu hawana mchezo. Masega manane. Kisahani kimoja kimezungukwa na sega jeupe jipya kama tulivyotaka. Cha pili wamekifunika chote kwa gundi yao na kuhamia pembeni. Bado kinanasa, ila mtetemo wake ni mzito na wa chini zaidi. Tumekiacha kama walivyokifanya, na kila kisahani sasa kina kitetemeshi chake: kushoto kwa kiti ni sega, kulia ni gundi.

Yaliyobaki kabla ya kufungua milango Oktoba, jakaranda zikichanua: kuongeza safu ya kayaba upande wa njia ili nyuki wapae juu ya vichwa vya watu, kuandika getini kwa herufi kubwa kwamba mwenye mzio wa nyuki atuambie kwanza, kuweka sehemu inayofikika kwa wanaotumia viti vya magurudumu ili nao waweke viganja, na kununua betri ya pili, kwa kuwa hii moja inachoka saa za alfajiri. Mzee wa Kitui atakuja wiki ya kwanza. Amesema hataki kukaa kwenye kiti mbele za watu, atakaa usiku wakishaondoka.